Mwalimu Aliyejifunza Kuuliza kwa Kiswahili

Mwalimu hakuweza kuzungumza na mgonjwa akiwa amesimama. Mgonjwa akiwa kitandani, yeye alivuta kigoda. Mgonjwa akiwa kwenye kigoda, yeye alikaa sakafuni, koti jeupe na yote, na sisi wanafunzi tukalazimika kuchuchumaa nyuma yake kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Sakafu ile ilikuwa ya saruji, na miaka ile sabuni ilipoadimika mjini ilinuka mkojo hata baada ya kupigwa deki. Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni viatu. Alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi, na kabla ya kukaa chini alivivua, akavipanga ukutani mbali na miguu ya watu, kisha akasogea kwa mgonjwa na soksi zake zilizotoboka kidoleni. Mzee mmoja wa wodi ya wanaume, ambaye hakuwa ametamka neno tangu aletwe, alimtazama akifanya hivyo, akamuuliza, "Musawo, unataka kuswali?" Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye alituambia tusimwonee haya kwa ajili ya soksi. "Soksi nzima isingemfanya aseme."

Alikuwa mkufunzi wetu wa magonjwa ya akili, katika chuo cha wauguzi kilichokuwa ndani ya hospitali moja hapa Kampala, wakati wa serikali ya wanajeshi. Sijui alizaliwa mwaka gani wala baba yake alikuwa nani. Siku zile hukumuuliza mtu habari za kwao, kwa sababu hukujua jibu litaishia wapi. Sisi tulimwita Mwalimu. Wagonjwa walimwita Musawo, kama wanavyomwita kwa Kiganda kila mtu anayetibu.

Hakupenda majina ya magonjwa. Mwanafunzi akisimama kando ya kitanda na kutamka jina refu alilolisoma jana, Mwalimu alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. "Usiniletee jina. Niletee mtu. Nani alimleta? Kabla ya hapo alikuwa akifanya nini kwa mikono yake? Aliacha lini?" Alitufundisha kutofautisha msiba na ile huzuni iliyogeuka ugonjwa, ambayo leo vitabu vyetu vinaiita sonona. Alisema aliyefiwa hulia, lakini ukimpakatisha mtoto mchanga anaweza kutabasamu. Mwenye ugonjwa ule ukimpakatisha mtoto anahisi umemwongezea mzigo. Alitufundisha kumtofautisha mlevi anayetetemeka kwa kukosa pombe na mtu anayetetemeka kwa hofu. Hapo kwenye hofu ndipo mwenzetu mmoja aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, Kampala nzima inaogopa. Tutajuaje nani mgonjwa?"

Tuliinamisha vichwa sote, maana hayo hayakuwa maneno ya kusema kwa sauti. Mwalimu alikwenda akafunga mlango.

"Gari likipita, mwili wako unaruka. Huo si ugonjwa, hayo ni masikio," alisema. "Mgonjwa ni yule ambaye gari limeshapita, limefika Entebbe, na yeye bado yuko chini ya meza. Na mtu akikuambia kwamba anafuatwa, kabla hujaandika kuwa amechanganyikiwa, chungulia dirishani."

Mmoja alicheka. Mwalimu hakucheka. Mwezi uliotangulia, karani mmoja alikuwa ameletwa na mke wake kwa sababu ya kusema kuna wanaume wawili wenye miwani ya jua wanamngoja nje. Mwalimu alichungulia, akawaona wamekaa kwenye gari. Karani yule alilazwa wodini kwa muda mrefu, na nadhani hakuwahi kuwa mgonjwa hata siku moja.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkali mpaka kuumiza. Mwanafunzi aliyemwiga mgonjwa anavyotembea alifukuzwa darasani, na hata alipokuja na mama yake kuomba radhi Mwalimu hakumpa mkono. Alijiona mwimbaji, akaimba besi kanisani nje ya sauti, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Wagonjwa wenye nguvu za watu wanne aliwasogelea bila wasiwasi, lakini paka wa jikoni akiingia wodini alipanda juu ya kigoda. Na ingawa alituambia kila siku kwamba ugonjwa si aibu, alikuwa na jambo lake ambalo hakuweza kulitamka. Mdogo wake, fundi wa saa, alichukuliwa mchana kweupe mbele ya kibanda chake, akatiwa kwenye buti ya gari mbele ya wateja. Hospitali nzima ilijua. Mwalimu ukimuuliza, alisema mdogo wake amesafiri kwenda Nairobi. Alisema hivyo kwa muda mrefu, kwa sauti ile ile, hata watu wakaacha kumuuliza kwa kumwonea huruma.

Siku moja alisimama mbele yetu akauliza, "Nani hapa ana mtu mgonjwa wa akili nyumbani kwao?"

Hakuna mkono ulionyanyuka.

"Basi," alisema, "wagonjwa wote wa mji huu hawana ndugu."

Mimi nilikuwa naye. Mama yangu alikuwa amelala chumbani kwetu, kwenye kota za polisi upande wa Mbuya, akitazama ukuta. Baba alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, Mkatoliki. Mama alikuwa binti wa Waislamu. Alipoanza kulala mchana, padri alikuja akaomba, shehe wa kwao akaja akasoma, na wote wawili walikunywa chai yetu wakaondoka. Majirani walisema kuna kitu kimefukiwa kizingitini. Baba alisema ni uvivu. Mimi nilisema ni malaria, kwa yeyote aliyeuliza, na nilisema hivyo nikiwa nimevaa sare ya chuo. Mwalimu alipokuwa akitueleza dalili moja baada ya nyingine, nilikuwa nikimwona mama akipita mbele ya ubao, na shingo yangu ilikuwa ya moto kama niliyeshikwa na kitu kisicho changu.

Nilikuwa na aibu nyingine, na hiyo haikufichika. Nyumbani tulisema Kiswahili. Wenzangu wengi hawakukijua, na walichokijua hawakukitaka, kwa sababu waliisikia lugha hiyo kwenye vizuizi vya barabarani. Nikikaribia, mazungumzo yalikatika. Mimi sikuwa nimemgusa mtu, lakini lugha ilinitangulia kila mahali.

Mwalimu mwenyewe alikichukia Kiswahili. Asubuhi moja alikuja na shavu lililovimba, akasema ni jino. Mwenzetu aliyekuwa kwenye gari lile lile alituambia ukweli: kwenye kizuizi cha Bugolobi askari alimuuliza anatoka wapi, yeye akajibu kwa Kiingereza safi, akapigwa kofi, akaambiwa apige magoti matopeni. Hakuja na viatu vyake siku ile. Alikuja na kandambili.

Siku chache baadaye alinielekezea kidole darasani. "Wewe ni mtoto wa polisi."

Nilisimama. "Ndiyo, Mwalimu."

"Unajua Kiswahili."

"Ndiyo."

"Wodini sasa tunaletewa askari, na mimi siwezi kuwauliza kitu. Kuanzia leo utanifundisha. Nataka kumuuliza mtu kama moyo wake ni mzito. Ninyi mnasemaje?"

Alisema "ninyi", na darasa likaguna. Nilitazama meza.

"Au hamna neno hilo?" Hakuwa akinikejeli, alikuwa akiuliza kweli. "Nimeisikia lugha hii miaka yote. Nimesikia toka, kaa chini, fungua, lete. Huzuni sijaisikia."

"Iko, Mwalimu," nilisema. "Ila askari hamwambii raia."

 Kisha akanipa chaki. Niliandika maneno pekee niliyokuwa nayo, kwa Kiswahili cha kota, ambacho mwalimu wa Mombasa angekililia: Moyo yangu inachoka. Mwili yangu inaisha nguvu. Kichwa iko na maji. Mwalimu aliyanakili, akayatamka kwa ulimi wake wa Kiganda, darasa likacheka, naye akacheka nalo. Mimi sikucheka. Maneno ya mama yangu yalikuwa ubaoni, na watu wasiomjua walikuwa wakiyasoma kwa zamu.

Baada ya kipindi alinizuia mlangoni. "Maneno yale ni ya nani?"

"Ya watu wa kota."

"Ya nani, muwala?" Aliniita binti, kwa Kiganda.

Nikamwambia.

Alikuja Jumamosi, kwa miguu, viatu vikiwa vimeng'arishwa. Fikiria: mtu ambaye ndugu yake alitiwa kwenye buti, anapita mwenyewe kwenye lango la kota za polisi na kumwambia mlinzi amekuja kumwona mke wa sajini. Walimweka langoni mpaka baba alipoitwa. Baba alitembea mbele yake kati ya nyumba, na wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua. Nilitamani ardhi inimeze. Niliona chumba chetu kama alivyokuwa akikiona yeye: pazia la shuka, masufuria yasiyooshwa, harufu ya mtu aliyelala siku nyingi. Mama alikuwa kwenye mkeka. Mwalimu alivua viatu, akakaa sakafuni karibu naye.

"Mama, unarara?" aliuliza. Hakuweza kamwe kuitamka hiyo l.

"Nalala. Halafu naamka kabla ya jogoo, na hiyo ndiyo mbaya."

"Mbaya namna gani?"

Mama alifikiri. Sikuwa nimemwona akifikiri kwa muda mrefu. "Nasikia kama mimi nimekufa, na hapana mtu ameona."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na sare yake. Alitugeuzia mgongo.

Mwalimu aliendelea kuuliza, polepole, akigeuka kwangu neno lilipomshinda. Aliuliza juu ya chakula, juu ya mtoto aliyezaliwa akafa kabla yangu, juu ya kama mama amewahi kufikiria kujimaliza. Swali hilo nilikataa kulitafsiri. Alilisema mwenyewe, vibaya, na mama akalielewa, akajibu kwamba amelifikiria lakini hana nguvu ya kufika kisimani. Alipomaliza, Mwalimu alimfuata baba nje.

"Afande, mke wako si mvivu. Ni mgonjwa, na ugonjwa huu una dawa. Ikifika nitamletea."

"Watu watasema nini?" baba aliuliza.

"Wameshasema," Mwalimu alijibu, akafunga kamba za viatu.

Dawa ilifika, lakini kidogo. Miaka ile kila kitu kilifika kidogo. Vidonge vilivyokuwa kabatini vilitosha kumtibu mtu mmoja mpaka apone, na mtu huyo alikuwa awe mama yangu. Kabla hajaanza, gari la jeshi lilimleta sajenti mmoja wa jeshi.

Alikuwa mwanamume mkubwa aliyekonda ghafla. Mkanda wake ulimzunguka mara moja na nusu. Wenzake wawili walimshusha kama gunia. Ofisa wao, walisema, anataka kujua jambo moja tu: huyu ni mgonjwa au anajifanya ili akwepe kazi? Kama anajifanya, wanajua la kumfanya. Mwalimu aliwasikiliza, akasema ana mitihani ya kusahihisha, akaingia ofisini kwake. Sajenti alikaa kwenye benchi asubuhi yote, mate yakimtoka. Niliingia ofisini mara moja kumkumbusha Mwalimu. Hakuwa na mtihani wowote mezani. Alikuwa amekaa tu, mikono magotini.

Alipotoka, alisimama mbele ya yule mtu. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akimhoji mgonjwa akiwa amesimama.

"Muulize anaumwa nini."

Nikauliza. Sajenti alijibu akitazama saruji. "Mimi hapana mgonjwa. Mimi mtu mbaya tu."

Nilitafsiri. Mwalimu alisema kwa Kiganda, kama anajisemea, "Anaweza kuwa vyote viwili." Kisha: "Muulize kwa nini hali chakula."

"Nikikula nasikia wao."

"Akina nani?"

"Watu. Wanagonga. Iko ndani ya buti ya gari, wanagonga na miguu. Nikikula wanagonga. Kanisani wanagonga. Hata sasa."

 Neno buti halihitaji mkalimani, Mwalimu alikuwa amelisikia. Hata hivyo alinigeukia. "Amesema nini?"

"Mwalimu—"

"Tafsiri. Ndiyo kazi yako."

Nikatafsiri yote. Mwalimu alitoka nje, akafungua bomba lililo kando ya ukuta wa wodi, akanawa mikono muda mrefu kama mtu anayengoja maji yapate joto. Wale askari wawili walikuwa wakimtazama.  Aliporudi, alivua viatu vyake, akavipanga ukutani, akakaa sakafuni mbele ya sajenti, uso wake chini ya ule mwingine.

"Unarara?" aliuliza.

Alihoji mpaka jua likaanza kuteremka. Hakumuuliza watu hao ni akina nani, wala walichukuliwa wapi, wala kama mmoja wao alikuwa fundi wa saa. Nilingoja aulize. Kisha alikwenda kwa wale wawili akawaambia, "Ni mgonjwa. Anabaki."

"Hajifanyi?"

"Anayejifanya hula."

Jioni ile aliniita penye kabati la dawa. "Mama yako anakunywa uji," alisema. "Huyu hanywi hata maji. Atakufa wiki hii. Unaelewa?"

"Naelewa, Mwalimu."

Nilielewa, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Alikwenda kota mwenyewe kumweleza mama kwamba dawa yake amepewa mtu mwingine. Alimwambia hata kuwa ni mwanajeshi. Mama alimtazama, akasema, "Mpe yeye. Mimi iko na mtoto." Mwalimu aliporudi barabarani nilimsindikiza, kila mmoja akimwonea mwenzake haya.

Sajenti alipona. Ni lazima niseme hivyo bila kuzungusha: alitibiwa vizuri kuliko mgonjwa yeyote niliyemwona wodini kwetu. Mwalimu alimlisha uji kwa kijiko siku za mwanzo. Vidonge vilipoanza kufanya kazi, sajenti alinyoa ndevu, akacheza bao la omweso na wazee, akawashinda. Wahudumu wengine walisema maneno. Mke wa yule ndugu aliyechukuliwa alisikia, akaja mpaka getini, akasimama pale, akaondoka bila kuingia. Mwalimu alimwona kutoka dirishani. Jumapili iliyofuata hakwenda kuimba, na hakuimba tena.

Siku sajenti alipotaka kutoka, Mwalimu alimwambia, kwa Kiswahili alichokuwa amekiandaa, "Usirudi kazi ile."

"Musawo," sajenti alisema kwa upole, "nikiacha, wanaweka mimi ndani."

Akarudi.

Baada ya miezi kadhaa gari refu jeusi liliegeshwa chini ya madirisha ya wodi. Sajenti alishuka, amenenepa, shati lake la maua, miwani ya jua. Alimsalimu Mwalimu kwa mikono miwili kama mtoto anavyomsalimu baba. "Nimekuletea zawadi. Sasa nakula vizuri, nalala vizuri, hapana sikia kitu." Alizunguka nyuma, akafungua buti, akatoa gunia la sukari.

Sukari ilikuwa imepotea mjini. Watu walipigania nusu kilo. Mwalimu hakuweza kuikataa. Ukikataa zawadi ya mtu wa namna ile umemtukana. Alisema ahsante. Gunia lilipelekwa jikoni, na kwa siku kadhaa uji wa wodi ulikuwa mtamu, wagonjwa wakaimba. Yeye alikunywa chai chungu.

Nilimkuta bombani akiosha kikombe. Hakuniangalia.

"Angekuwa na malaria ningemtibu, nisingewaza," alisema. "Lakini zile kelele, muwala. Pengine ndizo pekee zilizokuwa zimebaki za utu wake. Mimi nimezizima."

"Angekufa, Mwalimu."

"Najua angekufa." Alikisuuza kikombe tena, ingawa kilikuwa safi. "Najua. Niliwafundisha kuutambua ugonjwa. Sikuwafundisha mtu akishapona afanye nini, kwa sababu sijui."

Tangu hapo alifundisha akitazama meza. Ustadi wake haukupungua. Ila alikuwa kama mtu aliyeonekana akiwa uchi na sasa anaendelea na kazi kwa sababu hana pa kwenda. Dawa ya mama ilipofika hatimaye aliileta mwenyewe, akaja kila wiki kumwona. Mama alirudi kidogo kidogo. Siku aliyogombana na jirani kwa ajili ya kamba ya nguo, kwa sauti ya kusikika lango hadi lango, nilikaa nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Nilihitimu, nikapata kazi kwingine, na kwa muda sikumwona. Kisha serikali ile ikaanguka. Wanajeshi waliotoka ng'ambo ya mpaka wa kusini waliingia Kampala wakisema Kiswahili, na watu walishangaa kusikia askari akisema "naomba maji, mama". Lakini Kiswahili chetu sisi wa kota hakikusamehewa. Baba alikuwa amekimbia na wenzake kuelekea kaskazini. Mitaani watu walikuwa wakiwatafuta waliobaki, na hawakuchagua nani alifanya nini. Tulijifungia, mimi na mama, tukisikiliza milango ya wenzetu ikivunjwa.

Aliyegonga kwetu alikuwa Mwalimu. Mvi zilikuwa zimemjaa. "Vaeni magauni ya kawaida," alisema. "Tunakwenda kwangu."

Tulitembea mpaka Kyebando, yeye mbele, sisi nyuma, mama amenishika mkono. Karibu na maduka ya kwao kulikuwa na vijana wenye fimbo, na mwanamume mmoja mwenye panga aliyemfahamu.

"Musawo, hawa ni watu wa wapi?"

"Ni wagonjwa wangu," Mwalimu alisema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Huyu mdogo ndiye mbaya zaidi. Ukimsogelea anauma."

Mwanamume alirudi nyuma hatua moja. Mwingine alicheka, akasema, "Mulalu!", neno la Kiganda la mwendawazimu, na wote wakanitazama kwa namna ambayo nilikuwa nimewaona watu wakiwatazama wagonjwa wangu kila siku. Nililipokea neno hilo usoni. Ningepaswa kushukuru. Badala yake, mbele ya panga, nilitaka kupaza sauti niseme: mimi si mgonjwa, mimi ni muuguzi, nina cheti. Nilinyamaza, lakini nilitaka. Mwalimu hakugeuka. Alikaza mwendo, kichwa kimeinama.

Tulikaa kwake majuma mengi. Mkewe alitupa chumba na hakuuliza kitu. Mwalimu alikuwa amestaafu, akishinda sebuleni na redio akisikiliza habari za serikali iliyobadilika na kubadilika tena. Majirani walizungumza nami kwa sauti ya juu na polepole. Walinipa chai kwenye kikombe cha plastiki ambacho hakuna mwingine aliyekitumia. Watoto walinikimbia wakicheka. Mama hakuona tabu. "Mimi nimezoea," aliniambia. "Wewe utazoea." Sikuzoea. Kila nilipotoka nje nilitembea kwa uangalifu, nikijaribu kuonekana mzima, na kadiri nilivyojaribu ndivyo nilivyoonekana mgonjwa.

Jirani wa nyumba iliyofuata alikuwa Nalongo, mama wa mapacha, mwanamke mrefu ambaye watu walisema amekuwa jeuri, hasalimii mtu. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya ndizi za matooke, akaja akasimama karibu nami. Aliangalia kulia na kushoto. Vidole vyake alikuwa amevitafuna mpaka damu.

"Wewe ilikuanzaje?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Ugonjwa wako."

Nilifungua mdomo nimjibu kwamba amekosea. Yeye aliendelea, haraka, kama mtu anayeogopa kuitwa.

"Mimi mume wangu walimchukua. Nililia, watu wakaona. Sasa silii tena. Mapacha wakilia nasikia kama wanalia nyumba ya mbali. Jana nimemwangalia mmoja nikasahau ni yupi. Musawo ni jirani yangu miaka yote, lakini nitamwambiaje? Yule ni mtu mwenye akili zake, na mke wake ana akili zake. Wewe peke yako ndiye…" Alisita, akatafuta neno lisiloumiza. "Wewe unajua. Dawa yake inasaidia?"

Mlangoni Mwalimu alikuwa ametokea na kikombe mkononi. Alituona. Nilimtazama, naye alinitazama, na uso wangu ulikuwa ukiwaka bado, hadi masikioni. Kisha alirudi ndani taratibu, na redio ikazimwa.

Niliweka kisu chini, nikamsogezea Nalongo jamvi.

"Inasaidia," nilimwambia. "Kaa. Mimi ilianza polepole."